UZI: Kabla hujamfundisha mtu masaji, panda kitandani ulale wewe

Mkono_wa_Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za usiku. Humu kila siku watu wanauliza vyuo vya masaji viko wapi, ada shilingi ngapi, spa za Zanzibar zinalipaje, ila sijaona anayeuliza habari za mwalimu mwenyewe. Na mwaka huu nimepigiwa simu na wachuaji watatu, wote wazoefu, wanataka kuanza kufundisha, na kila mmoja swali lake la kwanza ni silabasi. Jamani silabasi sio shida. Shida iko kwingine na mimi imenigharimu darasa zima kuijua, ndio maana nimekaa leo niandike yote kwa mkupuo, tuvumiliane ni ndefu.

Kidogo kuhusu mimi. Nimelelewa Tanga na bibi aliyekuwa anakanda wazazi, yaani akina mama waliotoka kujifungua, maji ya moto, mafuta ya nazi, mwishoni anafunga tumbo kwa kanga. Mimi nilikuwa mshika ndoo. Baadae nikasomea, nikafanya kazi miaka saba kwenye spa za hoteli kule kaskazini Unguja, na sasa ni mwaka wa sita nafundisha hapa Dar. Kwa hiyo siku naingia darasani mara ya kwanza nilikuwa na uhakika kabisa kwamba najua.

Walikuwa wanafunzi 14. Nikamlaza mmoja wao, nikafanya mgongo mzima mwanzo mwisho huku naelezea, wao wamezunguka kitanda wanaandika, wanatikisa vichwa. Nikawagawa wawili wawili, nikawa napita katikati ya vitanda mikono nyuma naangalia. Kulikuwa na binti mmoja nilikuwa namsifia kila siku, mikono yake inatembea kama maji, wenzie wakisimama kumwangalia. Wiki ya tatu mwenzie hakuja, nikasema basi leo nilale mimi.

Wakuu, nililala kama dakika kumi tu. Mkono wa baridi. Unagusa unaondoka, unagusa unaondoka, na kila ukiondoka mwili wangu unakaza unasubiri utatua wapi. Ukifika katikati ya mgongo gumba linapita juu ya mfupa wenyewe wa uti, sio pembeni kwenye nyama. Kwa macho huwezi kuona kitu hicho, tofauti ni upana wa kidole kimoja, na wiki tatu nzima nilikuwa nasimama pale namwambia vizuri sana, vizuri sana. Nilipomuuliza yule mwenzie aliporudi, akaniambia mwalimu mimi nilikuwa naumia ila nikiona unamsifia nasema labda ndivyo inavyotakiwa.

Hilo neno lilinikaa kooni. Kuanzia siku ile sitoi alama kwa macho. Mwanafunzi wangu wa kike hamalizi kozi mpaka mikono yake imepita kwenye mgongo wangu, mguu wangu na shingo yangu, na sio siku ya mtihani tu, kila wiki nalala kwa wawili watatu.

Na kilichoniuma zaidi mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo nikasahau. Hoteli moja nilikofanya kazi walileta mama mmoja wa Thailand atufundishe uchuaji wa kwao. Kiingereza chake kidogo, changu kidogo. Alisomea Wat Pho kule Bangkok, hekalu lenye shule ya uchuaji iliyoanza 1955, na humo ndani kuna mawe yamechongwa ramani za mwili na mistari yake tangu enzi za mfalme Rama wa Tatu, miaka ya 1830. Uchuaji wao huo ndio UNESCO waliuingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika 2019. Sasa mama mwenye historia yote hiyo nyuma yake hakutuonyesha picha hata moja. Analala kwenye godoro chini na nguo zake za kazi, anafumba macho, anamnyooshea mmoja kidole. Ukikosea anaushika mkono wako anausogeza, anaukandamiza mwenyewe mpaka anapopataka, anasema "hapa". Ukipatia, pumzi yake inashuka. Hiyo pumzi ndio ilikuwa alama yako na ukiisikia hutoisahau.

Kitu cha pili. Mkono mzoefu umesahau ulijifunzaje. Wewe ukiweka kiganja kwenye bega la mteja unajua hapa pamekaza, hapa pana maumivu ya zamani, nizame au nipite, na hujui umejuaje. Mwanafunzi anakuuliza "mwalimu nibonyeze kiasi gani" unamwambia "utasikia tu mwenyewe". Hilo sio jibu, hasikii kitu huyo, mikono yake bado ni mipya. Mimi ninachofanya, nimenunua mizani ya kawaida ile ya kupimia uzito wa mtu, naiweka juu ya kitanda na taulo juu yake. Mwanafunzi anakandamiza kwa kiganja mpaka kilo 5, anakaa hapo anahesabu kumi. Halafu 10. Halafu 15. Akishazoea anafumba macho, mwenzie anamtajia namba, anakandamiza, anafumbua anaangalia. Siku ya kwanza mtu anaambiwa 5 anakwenda 12. Baada ya wiki mbili anakaribia kabisa. Hapo sasa nikimwambia kwenye shavu la mguu punguza nusu, ananielewa nazungumzia nini, tuna lugha moja.

Na kwenye lugha hapo hapo. Kuna yale majina ya Kifaransa ya namna za kuchua, efluraji, petrisaji na wenzake, watu wengi wanafundisha kwamba yametoka kwa Ling, yule mwalimu wa mazoezi ya viungo wa Sweden, ila anayetajwa zaidi kuyapanga hivyo ni daktari wa Kiholanzi wa karne ya 19, Johann Georg Mezger. Mwanafunzi ayajue, atayakuta kwenye mtihani na kwenye menyu za spa. Ila usianzie huko! Sisi maneno tunayo na yanafanya kazi nzuri kuliko hayo. Kupapasa, kukanda, kusugua, kupigapiga, kutikisa. Nikimwambia binti "fanya petrisaji" ananitolea macho. Nikimwambia kanda kama unakanda unga wa chapati, usichune ngozi, beba nyama yote kiganjani uisukume iende mkono wa pili, anafanya hapo hapo, maana huo mkono anao tangu ana miaka minane jikoni kwa mama yake. Kuna darasa niliwahi kuja na unga kabisa na beseni. Aliyekuwa anakanda unga kwa ncha za vidole ndiye huyo huyo aliyekuwa anawafinya wenzie mapaja.

Kwenye kuonyesha pia nilibadilika. Zamani nafanya na kuongea kwa pamoja. Sasa nafanya mara ya kwanza kimya kimya, kwa mwendo wangu wa kazini, waone kitu kizima. Mara ya pili polepole naeleza. Mara ya tatu mikono ni yangu ila mwanafunzi ndiye anaelekeza, ananiambia sasa peleka kule, sasa zunguka, akikosea nafanya hilo kosa alilosema ajionee mwenyewe. Ya nne ndio anafanya yeye. Hii njia ni ya daktari mpasuaji mmoja wa Uingereza anaitwa Peyton, wanaitumia sana kufundishia madaktari. Ile ya tatu ndio watu wanairuka kwa sababu inakula muda, na ndiyo inayokuonyesha nani ameelewa na nani ameangalia tu.

Niishie hapa kwanza, maswali karibuni.

Fundi wa Kisauni

Dadangu shukran sana kwa huu uzi. Mimi niko Mombasa, nafunza masaji na urembo kwa kituo kidogo, mwaka wa pili huu. Wanafunzi wangu 12, tisa ni wasichana, kadhaa wao ni wa buibui na hijabu. Mimi ni mwanamume. Sasa hapo nitalala vipi? Wazazi wakisikia mwalimu amelala kitandani anachuliwa na binti yao kutakuwa na kesi, na hata mimi mwenyewe roho haitakubali.

Mkono_wa_Tanga

Kaka swali zuri na roho yako iko sahihi kabisa. Usilale. Kaa kwenye kiti. Mkono kuanzia kiwiko mpaka vidole, hicho kipande peke yake kitakuambia kama mkono wake ni wa baridi, kama anaondoka ondoka, kama anatumia gumba peke yake, kama ana haraka. Na mabega ukiwa umekaa na shati lako, wanafunzi wote wanaona. Yeyote asiyetaka hata hivyo asilazimishwe, na usimuulize mbele ya wenzie, muulize pembeni.

Kwa mgongo na miguu tafuta mwanamke mwenzako wa kazi. Sio lazima awe mwalimu, awe tu ameshachuliwa vizuri maishani mwake na ana mdomo wa kusema. Mimi kwa wanafunzi wangu wa kiume nina kaka mmoja mchuaji, namlipa kwa siku, analala yeye halafu ananiambia, na wao anawaambia palepale. Cha msingi ni kwamba kuna mwili unaojua, unaongea.

Halafu wafundishe wanaolala waongee, hili ni gumu kuliko unavyodhani. Sisi tumelelewa kuvumilia. Binti anaumizwa anasema "iko sawa tu". Kwangu wiki ya kwanza hakuna mtu kusema sawa, neno hilo tunaliweka pembeni. Anayelala anatakiwa aseme vitu vitatu: mkono uko wapi, unaelekea wapi, na uzito wake ungekuwa kilo ngapi kwenye mizani. Wanaona aibu siku mbili za mwanzo, ya tatu wanaongea wenyewe.

Na kufunika, kwa wanafunzi wako wa hijabu hilo ndio litawapa amani. Kanga mbili, doti moja, imenisaidia kuliko shuka za hoteli. Moja kifuani moja kuanzia kiunoni, unafunua mguu mmoja tu unaoufanyia kazi, unapenyeza pindo chini ya paja la pili, ukimaliza unafunika ndio unahamia mwingine. Mwanafunzi wangu anafanya mazoezi ya kufunika na kufunua kwa siku mbili nzima kabla hajagusa mafuta.

Mzee wa Mbagala

Naomba nisieleweke vibaya, ila tuwe wakweli, hizi masaji mjini zinajulikana ni nini kinaendelea. Unamfundisha binti wa watu kazi ambayo kesho ataishia kwenye vyumba vile vya taa nyekundu. Mimi binti yangu nisingemruhusu.

Mkono_wa_Tanga

Mzee wangu shikamoo. Sikuelewi vibaya hata kidogo, hofu yako ni ya mzazi na hivyo vyumba vipo, siwezi kukudanganya.

Ila naomba nikusimulie jambo. London mwaka 1894 hali ilikuwa hivyo hivyo, jarida la madaktari la Uingereza liliandika kashfa za nyumba za masaji ambazo ndani yake masaji ni jina tu. Wanawake wanne, wauguzi na wakunga, kazi yao halali ya kuchua wagonjwa ikawa inachafuka. Hawakuacha. Wakaunda chama cha wachuaji waliofunzwa, wakaweka mitihani na masharti makali, huchui bila maelekezo ya daktari, hutangazi biashara ovyo kwenye magazeti. Chama kile ndicho leo kinaitwa Chartered Society of Physiotherapy, chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza nzima. Yaani fani ya hospitali imetoka kwenye jina lililokuwa na matope kama hili letu.

Hii kazi mzee naiona iko mikononi mwa mwalimu. Somo la kusema hapana nalifundisha kwa vitendo kama ninavyofundisha mgongo. Namleta yule kaka ninayemlipa, anajifanya mteja, anaomba kisichotakiwa, na binti anatakiwa atoe mikono, arudi hatua moja, aseme kwa sauti ya kawaida "huduma imeishia hapa", atoke, afunge mlango, atoe taarifa. Mara ya kwanza wote sauti inatetemeka. Tunarudia mpaka haitetemeki. Na siku ya kwanza nawapa maswali ya kumuuliza mwajiri kabla ya kusaini, kama mlango una komeo la ndani, kama kuna kitufe cha kuita msaada, mteja akivuka mpaka nani anaondolewa, mteja au mimi. Binti aliyefundishwa hivi mzee, ukimpeleka kwenye chumba cha taa nyekundu atageuka mlangoni.

Mzee wa Mbagala

Marahaba. Hilo la kumfanyisha mazoezi ya kukataa sikulijua. Nimekuelewa.

Bint Mtoni

Dada nakusalimu kutoka Muscat, nafanya kazi saluni ya wanawake huku. Gumba langu la kulia limekwisha, asubuhi siwezi kufungua chupa ya maji. Nimefikiria nirudi nyumbani nifundishe nipumzishe mkono. Je inawezekana?

Mkono_wa_Tanga

Mdogo wangu pole sana. Kwanza nenda kaonwe hilo gumba, usilipakie dawa ya kuchua ukaendelea.

Kufundisha kunaweza kukufaa, ila ukifundisha kwa gumba hilo hilo utaliua kabisa, na kibaya zaidi utawarithisha wanafunzi wako 15 tabia iliyokuumiza wewe. Kwa hiyo lifanye hilo liwe somo lako la kwanza. Urefu wa kitanda: asimame pembeni mikono ikining'inia, vifundo vya ngumi vikigusa juu ya kitanda hapo ni pake. Wengi wanachua vitanda virefu kuliko wao, mabega juu masaa sita. Uzito utoke miguuni, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, anaegemea, hasukumi kwa misuli ya mkono. Kuzama ndani kabisa, ile wazungu wanaagiza dip tishu, ni kazi ya mkono wa chini ya kiwiko na ngumi. Gumba ni la kutafutia tu, likishapata mahali linapisha. Na likitumika linyooke kwenye mstari mmoja na kifundo cha mkono, lisipinde kwa nyuma.

Ukiwaambia wanafunzi "mimi silifungui tena kopo kwa mkono huu kwa sababu nilifanya hivi miaka kadhaa", watakusikia kuliko kitabu chochote.

Mwanachuo_Moro

Mwalimu mimi nataka kujua vitu viwili, vyeti, na je usalama unaufundishaje, maana kwetu tulipewa karatasi ya magonjwa tukakariri basi.

Mkono_wa_Tanga

Vyeti kwa ufupi. Tanzania mambo ya ufundi stadi yapo chini ya VETA, na kama ujuzi umeupata mtaani au kazini bila darasa wana utaratibu wa kuurasimisha, nenda ofisi yao ya kanda uliza kwa fani yako. Ualimu wenyewe wa ufundi unasomewa hapo hapo kwenu Morogoro, chuo cha walimu wa ufundi stadi. Kenya wana mitihani ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, kwa fundi, na mkufunzi anasajiliwa TVETA, mamlaka yao ya elimu ya ufundi, kaka wa Kisauni atakuelekeza zaidi. Cheti cha ualimu usikidharau, mimi nilikisoma nikiwa nimeshafundisha na nilijuta kuchelewa.

Kwenye usalama sasa. Karatasi ya kukariri haitoshi kwa sababu mteja haji na jina la ugonjwa, anakuja na mguu. Nitakupa mfano wangu wa Unguja. Alishuka mgeni mmoja kutoka Ulaya, safari ndefu ya ndege, akaja jioni ile ile anataka miguu ichuliwe, eti imechoka. Dada niliyekuwa namfundisha kazi akafunua, akaanza kumimina mafuta kiganjani. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limejaa kuliko la kulia, linang'aa kidogo, nikaweka nyuma ya mkono wangu, lina joto. Mguu mmoja tu. Nikamwambia usiguse. Tukamfunika, tukaita meneja, akapelekwa hospitali, ni damu imeganda kwenye mshipa. Ukikanda pale lile donge linaweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu, mtu akafa.

Kwa hiyo mimi sifundishi orodha, nafundisha kulinganisha. Kila mazoezi ya mguu yanaanza na kufunua miguu yote miwili mpaka magotini, kuangalia, kuweka nyuma ya mkono huku na huku, ndio mafuta. Mjamzito, maswali kwanza, ana wiki ngapi, kuanzia kama wiki ya 20 hakai chali muda mrefu maana tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha inashuka anaona kizunguzungu, mlaze ubavu na mito. Mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu ukimuuliza uzito unatosha, jibu lake la miguuni usiliamini, huenda ganzi imeshaingia, hapo unatumia kilo zako za mizani na unakuwa chini. Nyuma ya goti na mbele ya shingo tunapita kwa kupapasa tu. Mwenye homa anarudi siku nyingine. Na kila siku ya mazoezi mmoja wa wanaolala nampa kikaratasi kwa siri, umetoka safari ndefu, au una wiki 26, au unatumia dawa za kulainisha damu, na anayechua asipouliza hatumuambii mpaka mwisho.

Fundi wa Kisauni

Dadangu narudi na ripoti, wiki mbili sasa. Mizani nimenunua. Wasichana nimewapatia mama mmoja mkandaji wa Majengo, ni mtu mzima, amekanda wazazi na kusinga maharusi miaka mingi, wamwita bibi na wazazi wao wamfahamu. Yeye ndiye analala. Mimi nimekaa kwa kiti, mkono wangu nimewapa wote 12 mmoja mmoja.

Yule niliyekuwa nampa alama za juu ana mkono mgumu kama ubao, anakandamiza bila kupumua. Na kuna mmoja anayekaa nyuma, mpole, haongei, nilikuwa karibu nimwambie atafute kozi nyingine kwa sababu mikono yake inaenda polepole mno na ukiangalia waona kama amelala. Amenishika mkono hapo chini ya kiwiko, nimesikia usingizi nikiwa nimekaa kwa kiti saa nne asubuhi. Bibi alipomaliza kulala kwake akafungua macho akauliza, "Huyu mwamfundisha nini tena?"

Mkono_wa_Tanga

Kaka umenitoa machozi. Huyo binti mwambie leo leo, asikie kwako mwenyewe. Na yule wa ubao muanzishie na pumzi, akandamize akiwa anatoa hewa, aachie akiwa anaingiza, kwenye mizani kwanza kabla hajarudi kwa bibi.